Fimbo Haifundishi Kusema

Mwezi uliopita mzee mmoja wa kanisa, mtu ninayemheshimu sana, alipita shuleni kwetu katikati ya kipindi cha Kiingereza, akasimama dirishani. Ukutani nilikuwa nimetundika picha ya soko, niliyoichora kwa makaa juu ya karatasi ya mfuko wa saruji, na watoto walikuwa wakisema, tena kwa kelele. Kipindi kilipokwisha akaniita kando, akaniambia, "Mwalimu, sisi twawaleta watoto wasome, nawe wawachezesha kwa michoro. Zamani zetu darasa la Kiingereza lilikuwa kimya kama kanisa wakati wa sala, na asiyetaka kusema alisemeshwa na fimbo." Sikumjibu pale pale, kwa kuwa ni mkubwa wangu, na watoto walikuwa wamesimama karibu wakisikiliza. Namjibu hapa, yeye pamoja na wote wenye shauri kama lake. Na walimu wenzangu wengi ni miongoni mwao.

Kwanza natuangalie hali ilivyo, tusidanganyane. Mtoto wetu husoma Kiingereza kwa miaka mingi katika shule ya msingi. Mgeni aingiapo darasani, watoto sabini huinuka kwa pamoja na kumsalimu kwa sauti moja, hata kuta zikatetemeka. Na kabla mgeni hajauliza habari zao, wao wamekwisha kumjibu kuwa hawajambo, na kumshukuru. Mgeni hufurahi. Lakini akimshika mmoja peke yake na kumwuliza jana alifanya nini, mtoto hutazama vidole vya miguu yake, kama kwamba jibu limeandikwa huko. Kisha mtoto huyu huyu hupanda Kidato cha Kwanza, ambako masomo karibu yote hufundishwa kwa Kiingereza: habari za mimea, za hesabu, za nchi na za watu wa kale. Tangu mwisho wa miaka ya 1960 shule zetu za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, na za sekondari kwa Kiingereza. Kati ya hizo mbili pana mto, na daraja lake ni kipindi hiki kimoja ninachokizungumza. Mtoto aliyevuka akiwa bubu hana la kufanya ila kunakili. Hunakili yaliyo ubaoni asiyoyajua maana yake, na kwa kuwa hawezi kuuliza, hakuna ajuaye ya kuwa hakuelewa. Mzazi auza mbuzi kwa ajili ya sare na madaftari, na mtoto akaa miaka minne amefunga kinywa.

Basi ananyamaza kwa sababu gani? Mzee wangu wa dirishani asema ni uvivu. Mimi nakataa. Mtoto huyo huyo, kengele ikilia, husimulia mambo ya mpira kwa maneno yasiyokwisha. Hazuiwi na ulimi wake, huzuiwa na mambo mawili. La kwanza ni hofu ya kuchekwa. Kila asemapo Kiingereza macho sabini humwelekea usoni, na kosa moja humpa jina la utani atakalolichukua hata uzeeni. La pili, nalo walimu hatulifikiri, ni kwamba hatumpi la kusema. Mwalimu huinua kalamu juu na kuuliza, "Hii ni nini?" Kila mtu aona kuwa ni kalamu. Mwalimu mwenyewe ajua, maana ndiye aliyeinunua. Katika desturi zetu mkubwa hamwulizi mdogo jambo ambalo yeye mwenyewe alijua, isipokuwa amemtegea. Mtoto mwenye adabu aonapo swali la namna ile huhisi kuna mtego, naye hunyamaza. Twamwita mjinga, kumbe ametumia akili.

Sasa nije kwenye fimbo, pamoja na ndugu yake kibao. Wasomaji wengi wakijua kibao. Na kwa wasiokijua nitakieleza. Ni kipande cha ubao kilichofungwa uzi, nacho huvikwa shingoni mwa mtoto wa kwanza aliyesikiwa akisema Kiswahili au lugha ya kwao. Huyo hutembea nacho mpaka amsikie mwenziwe akikosa vile vile, amvike yeye. Na jioni aliyelala nacho, yaani wa mwisho, hupigwa, au hutajwa yule aliyempa, na aliyempa huyo, na wote wakapigwa kwa mfuatano. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 jinsi watoto wa Kenya ya zamani za ukoloni walivyopigwa kwa kusema Kigikuyu, au walivyovikwa bamba lililoandikwa ya kuwa wao ni wapumbavu au punda. Wala haya hayakuanzia kwetu. Huko huko Uingereza, katika nchi ya Wales, watoto wa karne ya 19 walivikwa kipande cha mti kwa kusema Kiwelshi, lugha ya mama zao, na mwisho wa siku wa mwisho aliyekutwa nacho alipigwa. Watu wa Wales hata leo hukikumbuka kipande kile kwa uchungu.

Mimi nami nimekivaa. Sitataja shule wala mwalimu, maana wengine wangali hai nao walidhani wanatutendea mema. Nilikivaa siku tatu mfululizo katika darasa la sita, na siku ya nne nikagundua dawa: nisiseme neno. Asiyesema Kiswahili havikwi kibao, na asiyesema Kiingereza hachekwi. Basi mwenye akili hanyamazi kwa lugha moja, hunyamaza kwa zote mbili. Nilikaa hivyo karibu muhula mzima. Mwalimu alinisifu kwa utulivu wangu. Jambo moja tu nililojifunza vizuri katika siku zile ni kunyemelea nyuma ya vyoo ili nisikie ni nani anasema nini, nimshitaki. Nauliza, je, hilo ndilo tunalowapelekea watoto wetu shule ya Wakristo? Kanuni za serikali juu ya fimbo zaitaka itolewe kwa makosa mazito na kwa idhini ya mwalimu mkuu. Kumwita rafiki yako kwa lugha ya mama yako ni kosa zito tangu lini?

Naomba tusome pamoja sura ya kwanza ya kitabu cha nabii Yeremia, wala tusiisome upesi kama tulivyozoea. Mungu amwita kijana, na kijana ajibu kwamba hawezi kusema, kwa kuwa yeye ni mtoto. Maneno hayo nayasikia kila siku katika darasa langu, ingawa wanangu huyasema kwa macho. Je, Mungu alimfanya nini? Alimtia moyo asiogope nyuso za watu. Akamgusa kinywa. Kisha akamwuliza aonacho. Palikuwapo ufito wa mlozi, naye kijana akataja alichokiona. Akaambiwa ya kuwa ameona vema. Akaulizwa mara ya pili, akataja chungu kichemkacho, na upande kilikoelekea. Yule aliyesema hawezi kusema amekwisha kusema mara mbili, na mara ya pili maneno yake ni mengi kuliko ya kwanza. Utaratibu ni huu: hofu iondolewe, kitu kiwekwe mbele ya macho, swali liulizwe, jibu lisifiwe, kisha kitu cha pili kiletwe kilicho na mambo zaidi. Sijaona katika kitabu chochote cha ualimu somo la kusema lililopangwa vizuri kuliko hilo. Naye Bwana wetu, walipomjia wakimtega kwa habari ya kodi, aliomba aonyeshwe sarafu akawauliza sura iliyo juu yake ni ya nani. Na watu wale waliokuja wamejiandaa kwa hila hawakuweza kukaa kimya.

Wako wasemao ya kuwa picha ni mchezo mpya ulioletwa na walimu vijana. Si kweli. Ndugu zetu wa Kanisa la Moravian, ambao wamisionari wao walifika Rungwe mwaka 1891, wana babu yao katika imani, Askofu Jan Amos Komensky, ambaye vitabu vingi humwita Comenius. Alikuwa mkimbizi sehemu kubwa ya maisha yake kwa ajili ya dini, na mwaka 1656 nyumba yake na maandiko yake mengi yaliteketea kwa moto katika mji wa Leszno. Miaka miwili baadaye, mwaka 1658, kikatoka Nuremberg kitabu chake cha watoto, chenye picha zipatazo 150, kiitwacho Orbis Sensualium Pictus, yaani ulimwengu wa vitu vionekanavyo katika picha. Kila kitu katika picha kilitiwa namba, na namba ile ile ikatiwa katika sentensi zilizo chini yake, kwa Kilatini na kwa Kijerumani, ili mtoto asikutane na neno bila kukutana na kitu chake. Mwaka 1659 mwalimu mmoja wa London, Charles Hoole, akakitoa kwa Kiingereza. Hata hao Waingereza, ambao lugha yao twaifundisha kwa fimbo, walitumia picha kuwafundishia watoto wao lugha ya kigeni zaidi ya miaka 360 iliyopita.

Na hapa Afrika, Livingstone alisafiri na taa ya kuonyeshea picha. Mwanzo wa mwaka 1854, katika mji wa mfalme Shinte wa Walunda, alionyesha picha ya Ibrahimu ameinua kisu juu ya mwanawe Isaka. Alipoisukuma ile picha ndani ya taa, kisu kikaonekana kama kinawajia watazamaji, na wanawake wakapiga yowe wakiwaita mama zao, wakakimbia wakikanyagana. Mwenyewe aliandika baadaye kwamba mafundisho ya namna ile ndiyo pekee aliyosihiwa kuyarudia. Nimekitaja kisa hiki si kwa sababu ya yowe, bali kwa sababu watu walikuja kutoka mbali ili waone na kusikia maelezo yake, wala hapakuwa na aliyewapiga ili waje.

Sasa nieleze nifanyavyo mwenyewe, maana mtu akibomoa nyumba ya mwenziwe yampasa aonyeshe atakapolala. Ile picha ya soko ina mwanamke auzaye samaki, mbwa chini ya meza, mtoto aliaye, mzee ashikaye fedha mkononi akitazama upande mwingine, na kijana mmoja ambaye mkono wake umekaribia mfuko wa yule mzee. Sianzi kwa kuuliza majina ya vitu. Naigeuza picha ikabili ukuta, namwita mtoto mmoja aitazame nyuma yake kwa dakika moja, kisha awaambie wenziwe alichokiona ili wao wachore katika madaftari. Yeye ajua wasilolijua, nao walitaka. Hapo ndipo swali linapokuwa swali. Wenziwe humwuliza, "Mbwa yuko wapi?" kwa Kiingereza chao cha kuchechemea, naye yampasa kujibu, na macho yao yameelekea kwenye madaftari yao, hayamwelekei usoni. Ile hofu niliyoitaja imekwisha kupungua nusu, wala sikuihubiria.

Mwishoni picha yageuzwa, na kila mtu alinganisha mchoro wake nayo. Kicheko huwa kikubwa; lakini wanacheka michoro, hawamcheki mtu.

Picha nayo husahihisha makosa kwa upole ambao mwalimu hana. Katika lugha yetu yule muuza samaki, awe mwanamume au mwanamke, ni yeye tu. Katika Kiingereza mwanamume ni "he", na mwanamke ni "she", na watoto huchanganya hata wamalizapo shule. Mtoto akimwita mwanamke wa picha "he", simkatizi. Wenziwe huitazama picha, wakaona khanga na kitoto mgongoni, na mmoja husema "she", na yule wa kwanza hulikamata neno lile akaendelea nalo. Vivyo hivyo sisi twasema "mezani", tukatosheka, samaki awe juu ya meza au mtu awe ameketi kwenye meza hiyo. Mwingereza hawezi kutosheka. Yampasa kuchagua neno kwa kadiri ya mahali penyewe. Nimewahi kuandika maneno hayo ubaoni mwaka mzima, bila faida. Nilipowapa picha ya paka aliye juu ya meza, na paka aliye chini yake, na paka aliye ndani ya kapu, wakashika siku mbili.

Kuna binti mmoja katika darasa langu ambaye kwa mwaka mmoja na nusu sikuisikia sauti yake. Nilidhani ana kasoro ya kusikia. Siku ile ya soko, wenziwe walipokuwa wakibishana juu ya mzee mwenye fedha, akasimama bila kuitwa, akaelekeza kidole kwa yule kijana, akasema kwa Kiingereza maneno matatu, na yote matatu yalikuwa na kosa, kwamba huyu ni mwizi. Darasa zima likageuka kuitazama picha. Walikuwa hawajamwona mwizi! Tangu siku ile husema. Si sana, lakini husema. Simsifu mtu kwa hili, wala mimi mwenyewe, kwa kuwa mwizi nilimchora kwa bahati: nilitaka kuchora mteja, mkono ukakosea.

Naruhusu pia, na hapa najua nitalaumiwa, wazungumze kwanza wawili wawili kwa Kiswahili juu ya picha, dakika chache, kabla ya kuanza kwa Kiingereza. Mtu hawezi kusema kwa lugha ya kigeni wazo ambalo hajalipata kwa lugha yake. Mimi si katika hao wanaokidharau Kiswahili. Nakiandika, nakihubiri, na ndoto zangu ni za Kiswahili. Nataka mtoto aongeze lugha ya pili, asivuliwe ya kwanza.

Wenzangu hunijibu kwamba mtihani hauulizi kusema. Ni kweli, na ni aibu. Katika darasa la saba maswali mengi huwa ya kuchagua jibu, na mtihani wa Kiingereza wa Kidato cha Nne hufanywa kwa kuandika. Jirani zetu wa Kenya kwa miaka mingi wamekuwa na sehemu ya ustadi wa kusema katika mtihani wao wa KCSE, nayo hujibiwa kwa kalamu juu ya karatasi, kana kwamba mtu aweza kupimwa mbio akiwa ameketi. Lakini mtihani ukiwa na kasoro, je, nasi tufundishe kasoro? Tena wajidanganya wadhanio kuwa asiyesema ataandika. Insha za watoto walionyamaza nazisahihisha kila wiki. Ni sentensi tatu zilizokaririwa, na ya nne haipo.

Wengine huwaza kwamba mambo haya yataka mashine za kuonyeshea picha na fedha nyingi, na kwa kuwa hatuna, tuendelee na fimbo, ambayo hukatwa bure mtini. Nimekwisha kutaja mfuko wa saruji. Makaa yako jikoni, rangi ya samawi hupatikana kwa buluu ya kufulia, na uji mzito wa muhogo ni gundi. Mwenye simu nzuri aweza kuonyesha picha kwa watoto sita sita, wakaenda kuwaeleza wenzao walioketi nyuma. Simu moja ya mwalimu yatosha, wala wao hawana haja ya kuja na zao. Hata hivyo nawaonya walimu waliopata bahati ya televisheni shuleni. Nimeona darasa lililoonyeshwa filamu ya Kiingereza tangu mwanzo hata mwisho, watoto wameduwaa, vinywa wazi, na hakuna neno lililotoka. Ukimya ule si bora kuliko ule wa fimbo, isipokuwa hauumi. Filamu yafaa sauti izimwe, watoto waitie maneno wao. Au isimamishwe mahali pa hatari, waulizwe ni nini kitakachofuata. Na picha iliyotundikwa ukutani mwaka mzima, ambayo hakuna aliyeulizwa neno juu yake, ni pambo kama maua.

Kuhusu kelele, Mzee wangu, nakiri kosa. Darasa langu lina kelele, na mwalimu wa darasa la pili lililo jirani amenilalamikia kwa haki. Tumekubaliana nitoke na watoto chini ya mwembe siku za picha, isipokuwa mvua ikinyesha. Wewe nawe nakualika uje ukae pamoja nasi Jumatano yoyote, baada ya kipindi cha kwanza. Watoto watakuuliza maswali, maana mtu aliye hai naye ni picha, nao hawajawahi kumwuliza mzee wa kanisa neno kwa Kiingereza. Ukiwajibu kwa Kiswahili hatutakuvika kibao.

Kwa wasomaji wengine nina ombi moja dogo. Kila mwezi wa kwanza kalenda za mwaka uliokwisha hushushwa ukutani, zikawashiwa moto au zikafungiwa vitumbua. Zina picha za mito, za wanyama, za makanisa na za watu wakivuna. Msizichome. Mpeni mtoto aje nazo shuleni, na zile zilizochanika vile vile. Nusu ya picha yafaa kuliko nzima, kwa kuwa watoto watataka kusema ile nusu nyingine ilikuwa na nini.